Windows ipi imo ndani ya mashine yako? Njia nne za kujua, na ipi ikufae lini

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Mwezi huo huku kusini mwa Tanzania macho ya watu yalikuwa kwenye korosho, na wengi hawakuisikia habari hiyo. Lakini tangu siku ile swali la "hii ni Windows gani?" limepata uzito ambao halikuwa nao. Jibu lake linaamua kama kompyuta ya ofisi bado inalindwa, kama printa mpya itapata draiva (programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuitumia), na kama kompyuta mpakato inayotangazwa kwenye kundi la WhatsApp inastahili bei yake.

Kwa watu wa Mtwara na Lindi kulikosea jibu hilo kuna gharama zaidi. Mashine nyingi za mtumba hutufikia kwa basi kutoka Kariakoo, safari ya mamia ya kilomita. Ukigundua uko Newala au Liwale kwamba ulichouziwa sicho ulichoambiwa, kuirudisha ni nauli ya mzigo, ni siku za kusubiri, na ni kubembelezana na muuzaji kwa simu. Ni afadhali kuuliza vizuri kabla hela haijatoka.

Njia za kulipata jibu ni nyingi, na kila fundi ana yake anayoiamini. Hapa naziweka nne zinazotumika zaidi: kutazama sura ya mashine na stika yake, amri ya winver, ukurasa wa "About" ndani ya Settings, na dirisha jeusi la amri. Hakuna hata moja inayohitaji bando, kwa hiyo kwa upande huo ziko sawa. Zinapotofautiana ndipo pa kuangalia.

Tunapimia nini

Kwanza tukubaliane jibu kamili likoje. Lina vipande vitano. Kuna jina: Windows 7, 8.1, 10 au 11. Kuna daraja: Home, Pro, Enterprise. Kuna toleo, lile linaloandikwa kama 22H2, ambapo 22 ni mwaka 2022 na H2 ni nusu ya pili ya mwaka huo. Kuna namba ya bildi (build), inayotambulisha toleo kwa tarakimu, mfano 19045. Na kuna biti, 32 au 64, yaani upana wa data ambao Windows hiyo hushughulikia kwa mara moja.

Si kila mtu anahitaji vyote. Anayetafuta draiva ya printa anahitaji jina na biti, basi. Anayetaka kuiandikisha Windows 10 yake kwenye mpango wa masasisho ya ziada, ule unaofika hadi 13 Oktoba 2026, lazima awe kwenye 22H2, maana matoleo ya nyuma yake hayapokelewi. Anayenunua mashine atake vyote vitano, na asione aibu kuuliza.

Kila njia nitaiuliza mambo manne yaleyale: inakupa vipande vingapi, inaweza kukupotosha vipi, inafanya kazi kwenye mashine za zamani, na inaelezeka kwa simu. Hilo la mwisho nalipa uzito kwa sababu ndivyo msaada unavyotolewa huku. Fundi yuko mjini, mwenye mashine yuko kijijini Tandahimba, na kati yao kuna simu tu.

Njia ya kwanza: sura na stika

*Inachokupa.* Jina peke yake, tena kwa kukisia. Windows 7 ina kitufe cha mviringo chini kushoto, ndani yake dirisha la rangi nne. Windows 8 haina kitufe cha Start kabisa. Ukiwasha unakutana na vigae vya rangi vilivyojaa skrini. Kwenye 8.1 kitufe kilirudi. Windows 10 ina nembo ya dirisha lililoinamishwa kidogo, chini kushoto, na menyu yake ina vigae upande wa kulia. Windows 11 ina miraba minne iliyolingana, na aikoni zake hukaa katikati ya mstari wa chini.

Stika nayo inasema kitu. Mpakato za enzi ya Windows 7 zilikuja na stika chini ya mashine yenye jina, daraja na ufunguo wa herufi 25. Kuanzia Windows 8 watengenezaji walianza kuuweka ufunguo ndani ya ubao mama wenyewe, kwa hiyo stika za baadaye hazina mengi ya kusoma.

*Inavyopotosha.* Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Stika ni kama maandishi ya gunia: gunia lililoandikwa sukari leo linaweza kuwa limejaa korosho. Mashine iliyotoka kiwandani mwaka 2011 na Windows 7, ikapigwa Windows 10 miaka sita baadaye, stika yake haikubadilika. Na kwa waliokaa Mikindani au Kilwa muda mrefu, hewa ya bahari na joto la mapaja huwa vimeshayafuta hata hayo maandishi.

Sura nayo inabadilishika. Mtu anaweza kuzisogeza aikoni za Windows 11 kushoto kwa kubonyeza mara chache tu, ukadhani ni 10. Zipo pia programu zinazoivisha Windows 10 mavazi ya 11: nembo, rangi, aikoni katikati, kila kitu. Hilo si kosa likifanywa na mwenye mashine kwa raha zake. Likifanywa kabla ya kupiga picha ya tangazo ni udanganyifu, na anayeumia mara nyingi ni mzazi anayemnunulia mtoto anayeanza chuo.

Kuna kipimo kimoja cha kukusaidia ukiwa huna kingine. Kwa masharti ya Microsoft, Windows 11 inahitaji prosesa (ubongo wa kompyuta) ya biti 64 iliyo kwenye orodha yao, ambayo kwa Intel ni kizazi cha 8 na kuendelea, kifaa cha usalama cha TPM 2.0, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya angalau 4GB na hifadhi ya 64GB. Ukiona tangazo la mashine ya prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha 3 yenye Windows 11, basi ama ni 10 iliyovishwa, ama ni 11 iliyolazimishwa kuingia. Hiyo ya pili inawaka na kufanya kazi, ila Microsoft haiahidi kuipa masasisho.

*Mashine za zamani na simu.* Kwa mashine za zamani inafanya kazi. Kwa simu ni taabu: "kitufe cha duara au cha mraba?" ni mazungumzo marefu yenye jibu dogo. Picha ya skrini husaidia zaidi.

*Inamfaa nani.* Anayepita dukani na haruhusiwi kugusa mashine, au anayetaka kuchuja matangazo haraka kabla ya kuuliza zaidi. Kwa uamuzi wa kutoa hela, haitoshi.

Njia ya pili: winver

Shika kitufe chenye nembo ya dirisha, kile kilicho chini kushoto karibu na Alt, na huku umekishika bonyeza R. Kikasha kidogo kitafunguka. Andika winver, bonyeza Enter.

*Inachokupa.* Jina, daraja, toleo na bildi, yote kwenye kisanduku kimoja. Kwenye Windows 10 iliyosasishwa utaona mstari unaosema "Version 22H2" na pembeni yake "OS Build 19045" ikifuatwa na nukta na tarakimu nyingine. Daraja limo kwenye aya ya chini, ile ya haki miliki, kwa hiyo usiishie juu. Kisichokuwemo ni biti. Ila kama imetaja Windows 11 huhitaji kuuliza, kwa sababu Windows 11 haikutolewa kwa biti 32.

*Inavyopotosha.* Mara chache sana. Mavazi yanayobadilisha sura ya Windows 10 hayagusi namba ya bildi. Hata aliyebadilisha picha na nembo, namba itasema 19045. Kanuni ya kukumbuka ni hii: kuanzia 22000 kwenda juu ni Windows 11, chini ya hapo ni 10 au ya zamani zaidi. Kitu ambacho winver haikuambii ni kama Windows 11 hiyo imelazimishwa kwenye mashine isiyostahili.

*Mashine za zamani.* Hili ndilo linalonifanya niiheshimu. Inafanya kazi kwa namna ileile kwenye XP, 7, 8, 10 na 11. Hujui Windows gani imo, na njia ya kujua haikudai uijue kwanza. Kwenye Windows 7 itakuandikia "Version 6.1" na bildi 7601 kama ilipata kifurushi cha kwanza cha maboresho, jina lenyewe, Windows 7, liko chini yake.

*Kwa simu.* Hakuna inayoishinda. Mazungumzo huwa hivi, kijana wa steshenari mjini na katibu wa chama cha msingi aliyeko kijijini:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii printa inaniuliza draiva, sijui ya Windows gani."

"Mama, tazama kibodi chini kushoto. Kuna kitufe kina kidirisha. Umekiona?"

"Nimekiona."

"Kishike usikiachie, halafu gusa herufi R mara moja. Kimekuja kikasha?"

"Kimekuja."

"Sasa andika w-i-n-v-e-r, yote pamoja, halafu Enter. Nisomee mstari wenye neno Version."

"Twenti tuu, eichi tuu."

"Hapo hapo mama, endelea na namba za mbele."

Dakika mbili, na vocha haijaisha. Kama kitufe chenye dirisha kimekufa, na kwenye mashine zinazokaa karibu na bahari vitufe hufa, mwambie abonyeze Start kwa mausi na kuandika winver palepale.

*Inamfaa nani.* Karibu kila mtu ambaye swali lake haligusi biti.

Njia ya tatu: ukurasa wa "About"

Kwenye Windows 10 na 11 fungua Start, ingia Settings, kisha "System", teremka hadi "About". Njia ya mkato ni kubofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa mausi na kuchagua "System".

*Inachokupa.* Vyote vitano, na nyongeza: prosesa, kiasi cha RAM, jina la mashine, na tarehe ambayo Windows iliwekwa. Ni ukurasa pekee kati ya njia hizi nne unaomwonyesha mtu asiye fundi kila kitu kwa mpangilio unaosomeka, toleo la 22H2 na biti vikiwa pamoja.

Nataka nikae kidogo kwenye mstari wa biti, unaoitwa "System type", kwa sababu una fedha za watu ndani yake. Mstari huo unasema mambo mawili: biti za Windows, halafu aina ya prosesa. Ukisoma "64-bit operating system, x64-based processor", uko salama. Ukisoma "32-bit operating system, x64-based processor", maana yake prosesa ina uwezo wa biti 64 lakini aliyepiga Windows ameweka ya 32.

Windows ya biti 32 hizi za kawaida haiwezi kutumia zaidi ya 4GB ya RAM, na kwa kawaida unapata pungufu ya hapo. Mzazi wa Nachingwea aliyejibana akanunua mpakato ya 8GB, mtoto anatumia nusu tu ya alicholipia, na nusu nyingine imelala. Programu nyingi za sasa za biti 64 zitakataa kuingia, na mtoto ataambiwa mashine yake ni mbovu. Mashine si mbovu. Fundi alitumia flashi ya zamani aliyokuwa nayo mfukoni. Dawa yake ni kunakili mafaili yote nje na kupiga Windows upya ya biti 64, kwa kuwa hakuna njia ya kubadilisha biti bila kufuta. Ukikuta hivyo kwenye mashine uliyopigiwa Windows juzi, una haki ya kumrudia fundi na kumwonyesha mstari huo.

*Inavyopotosha.* Tarehe ya kuwekwa isikuchanganye. Maboresho makubwa, kama kutoka 10 kwenda 11, huiandika upya. Kwa hiyo tarehe ya karibuni haimaanishi lazima kwamba mashine ilifutwa na kupigwa mpya.

Angalia pia daraja. Baadhi ya mafundi huweka Windows 10 Enterprise LTSC kwa sababu ni nyepesi. Ile ya 2021 ina toleo la 21H2 na bildi 19044, na Microsoft inaihudumia hadi Januari 2027, tofauti na Home na Pro. Mtu akiona 21H2 anaweza kudhani ameachwa nyuma, kumbe ana daraja lingine lenye kalenda yake. Swali linalobaki ni kama una leseni yake, maana daraja hilo huuzwa kwa taasisi.

*Mashine za zamani.* Hapa inadhoofika. Windows 7 haina Settings; unabofya kulia kwenye "Computer" na kuchagua "Properties", ambako utakuta jina, daraja na biti. Kibodi ikiwa na kitufe cha Pause, kukibonyeza pamoja na kile cha dirisha kunafungua ukurasa unaohusika kwenye 7, 10 na 11 pia. Kibodi nyingi za mpakato hazinacho.

*Kwa simu.* Inawezekana ila ina hatua nyingi, na majina yako kwa Kiingereza. Mtu mzima asiyezoea atapotea kwenye orodha. Bora umwambie apige picha ukurasa mzima na kuutuma.

*Inamfaa nani.* Mnunuzi, mwalimu anayekagua kompyuta ya shule, na yeyote anayetaka kujua kama fundi amemtendea haki.

Njia ya nne: dirisha jeusi

Kitufe cha dirisha na R, andika cmd, Enter. Ndani yake kuna amri mbili za kulinganishwa: ver na systeminfo.

*Inachokupa.* Amri ya ver inatoa namba tu, mstari mmoja, papo hapo. Amri ya systeminfo inachukua sekunde kadhaa na kutoa ukurasa mzima: jina, daraja, bildi, aina ya mfumo, mtengenezaji na modeli ya mashine, RAM, tarehe ya kuwekwa, na masasisho yaliyoingia. Isichokutajia ni lile jina la 22H2. Unalitafsiri mwenyewe kutoka kwenye bildi. Kwa Windows 10, 19044 ni 21H2 na 19045 ni 22H2. Kwa Windows 11, 22621 ni 22H2, 22631 ni 23H2, 26100 ni 24H2 na 26200 ni 25H2.

*Inavyopotosha.* Amri ya ver ina mtego mmoja ambao umewadanganya hata watu wa kazi hii. Kwenye Windows 11 inaandika namba inayoanza na 10.0. Ukisoma mwanzo tu utaapa kwamba ni Windows 10. Namba ya kusoma ni ile ya tatu, baada ya 10.0. Kwa mashine za nyuma mwanzo wa namba unatosha: 5.1 ni XP, 6.1 ni Windows 7, 6.2 ni 8, na 6.3 ni 8.1. Mtego kama huo umo pia kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio ya mfumo), ambako Windows 11 bado imeandikwa jina la Windows 10, na programu ndogo za ukaguzi zinazosoma hapo hukupa jibu la uongo bila nia mbaya.

*Mashine za zamani.* Zote mbili zipo kwenye 7, 8, 10 na 11.

*Kwa simu.* Amri ya ver, ndiyo. Ya systeminfo, hapana, maandishi ni mengi mno kusomewa.

*Inamfaa nani.* Mwenye mashine nyingi. Kwenye chumba cha kompyuta cha shule yenye mashine 20, andika systeminfo > mashine05.txt, na taarifa zote zitaingia kwenye faili, kwa kawaida ndani ya folda ya mtumiaji. Ukizunguka na flashi kuyakusanya mafaili hayo, jioni unayo orodha ya kumpelekea mkuu wa shule: ipi ni ya 10, ipi ya 11, ipi ilipigwa biti 32. Ombi la bajeti lenye orodha ya namna hiyo linasomwa tofauti na lile linalosema "kompyuta zimezeeka".

Kama si Windows

Kwenye Mac bonyeza alama ya tufaha juu kushoto, chagua "About This Mac", umemaliza. Kwenye Linux fungua dirisha la amri (terminal) na uandike cat /etc/os-release; utapata jina na toleo. Amri ya uname -r, ambayo wengi huitaja, inakupa kiini cha mfumo tu, haitaji kama ni Ubuntu au Debian. Namba ya Ubuntu yenyewe ni tarehe: 22.04 ni Aprili 2022, 24.04 ni Aprili 2024, na matoleo haya mawili ya muda mrefu hupata huduma ya kawaida kwa miaka mitano.

Uko kwenye hali gani?

Unanunua kutoka Kariakoo na hujaiona mashine. Omba picha mbili kabla ya kutuma hela: winver na ukurasa wa "About", zote zikionyesha skrini nzima, zipigwe siku hiyohiyo. Winver itakuhakikishia jina, "About" itakupa biti, prosesa na RAM. Muuzaji mwaminifu hachukui dakika tatu kufanya hivyo. Asiyetaka, nunua kwingine. Ikiwa ni Windows 11, soma na toleo: 23H2 ya Home na Pro iliacha kupewa masasisho tarehe 11 Novemba 2025, kwa hiyo neno "11" peke yake si kinga. Ukiikuta hivyo kwenye mashine inayostahili, omba aisasishe kabla ya kuipakia kwenye basi.

Uko dukani Masasi au Lindi mjini, na mashine iko mbele yako. Anza na sura ili uchuje, kisha omba uguse. "About" inatosha peke yake.

Unamsaidia mzazi au mfanyakazi mwenzako kwa simu. Winver, bila kufikiria mara mbili. Ikitokea ni Windows 7 au 10 na unahitaji biti, hapo ndipo umwongoze kwenye ukurasa wa "About" (au "Properties" kwa Windows 7), au utume mtoto wa jirani apige picha.

Unatafuta draiva ya printa au ya skana. Kwenye Windows 11 jina linatosha kwa kompyuta za kawaida. Kwenye 10 na za nyuma, hakikisha biti kwanza, maana draiva ya 64 haiingii kwenye Windows ya 32, na bando la kupakua faili kubwa lisilofaa halirudi.

Una Windows 10 na unajiuliza ubaki au uhame. Winver ikisema 22H2, unaweza kuingia kwenye masasisho ya ziada hadi Oktoba 2026. Ikisema chini ya hapo, na daraja ni Home au Pro, sasisha kwanza. Halafu tazama prosesa kwenye "About": kizazi cha 8 na kuendelea, fikiria Windows 11, chini ya hapo, anza kuweka akiba ya mashine nyingine au ujaribu Linux kwa kazi za kuandika na intaneti.

Unasimamia ofisi au shule. Systeminfo kwenye faili, mashine moja baada ya nyingine.

Mashine haiwaki kabisa. Njia zote nne zinakwama hapa. Usiamini ver kwenye dirisha jeusi la urekebishaji, ile inayokuja mashine ikishindwa kuwaka, kwa kuwa inataja toleo la mazingira hayo ya urekebishaji na si la Windows iliyolala kwenye diski. Mpe fundi aichomeke diski kwenye mashine nyingine, afungue folda ya Windows, kisha System32, abofye kulia faili la ntoskrnl.exe na kutazama "Details" ndani ya "Properties". Namba itakayoonekana hutaja ukoo tu: Windows 10 ya 22H2 nayo hujionyesha hapo kama 19041, sawa na ndugu zake wa tangu mwaka 2020. Kwa kuamua ubebe flashi ya Windows ipi kwa ajili ya ukarabati, hiyo inatosha. Na kabla fundi hajagusa kingine chochote, mwambie anakili mafaili yako kwanza.